Plakete za freni: namna ya kuchagua kwa motokari ya kila siku na ya mashindano



Mwezi uliopita kaka mmoja aliyemaliza masomo hapa mbele yetu, na sasa anasoma Marekani, alituandikia barua. Kisha salamu akatueleza kwamba amenunua motokari ndogo, tena si mpya. Siku za kazi inamupeleka masomoni. Siku ya posho anakwenda nayo kwa mashindano yanayoitwa autocross. Swali lake lilikuwa hili: “Ninyi wa mekanika, munishauri. Nitie plakete za freni za aina gani, zinazofaa barabarani na kwa mashindano pia?”

Barua iliposomwa darasani, wengi walicheka. Mmoja alisema: “Sisi tunatafuta gari ya kutufikisha nyumbani, yeye anatafuta ya kuchezea!” Lakini sisi, tukiwa kapita wa wanafunzi, hatukucheka sana. Tulikuwa na sababu yetu, na tutaieleza mbele ya kujibu swali.

1. Jambo lililotupata Ngomo

Wakati wa likizo iliyopita tulitoka Bukavu kwenda Uvira katika kamioneti ya mfanyabiashara mmoja. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa, na masanduku, na magunia juu. Kila mutu wa kwetu anajua ile njia. Ukisha kupita Nyangezi unaingia milima ya Ngomo. Barabara inajikunja kama nyoka, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine shimo, mpaka unafika chini Kamanyola katika bonde la Ruzizi.

Tulipokuwa katikati ya mteremko tukasikia harufu kali, kama ya kitu kinachoungua. Mwenzetu mmoja akapiga kelele: “Papa shofere, mbona freni iko inanuka?” Shofere akajibu: “Wacha woga, mwana, gari iko muzima.” Lakini kidogo tu tukamuona anakanyaga pedali kwa miguu miwili. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na gari haikupunguza mwendo. Mungu alitusaidia, na shofere naye hakupoteza akili. Alirudisha vitesi ya chini kabisa, akaisugua gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, mpaka ikasimama. Mutu hata mmoja hakuumia, isipokuwa magoti na sanduku moja.

Shofere akatafuta maji ya kumwangia gurudumu. Mzee mmoja aliyepita na mbuzi zake akamkataza: “Baba, usimwange maji, utapasua chuma!” Tukangoja karibu saa nzima. Gurudumu lilipopoa, likatolewa. Tukaona plakete zenyewe zimepasuka na zimeanza kubanduka kwenye bati lake. Hazikuwa na herufi hata moja wala jina la aliyezitengeneza. Shofere akasema patron wake alizichagua kwa sababu ya bei.

Sisi kama kapita tulikuwa tumehesabu watu, tumehesabu mizigo, tumepokea pesa za safari. Juu ya freni hatukuuliza hata neno moja. Ndiyo maana barua ya kaka yetu haikutuchekesha. Tuliisoma kama swali letu wenyewe.

2. Freni inafanya kazi gani?

Watu wengi wanafikiri freni inashika gurudumu, basi. Kweli inashika, lakini kazi yake hasa ni kugeuza mwendo kuwa moto. Gari inayokimbia ina nguvu ndani yake. Nguvu hiyo haiwezi kupotea bure. Inapita katika plakete na diski, inakuwa moto, kisha upepo unauchukua.

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Plakete ni mbili, moja kila upande, na etriye inazibana juu ya diski kwa nguvu ya mafuta ya freni. Magari mengi yana tambure nyuma badala ya diski. Humo ndani garnitire zinafunguka na kusugua ukuta wa tambure. Akili ni moja: kusugua na kutoa moto.

Diski hazikuanza jana. Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa freni ya diski. Lakini watu wengi waliamini nguvu yake mwaka 1953, wakati Jaguar iliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, kwa freni za diski. Kisha miaka miwili tu, yaani mwaka 1955, Citroën DS ilitoka kiwandani na diski mbele, gari ya kununuliwa na watu wa kawaida. Basi munaona kwamba mashindano na barabara ni ndugu tangu zamani.

Vitu vya kusugulia navyo vina habari yao. Mwaka 1897 Herbert Frood, huko Uingereza, alianza kutengeneza vitu vya freni kwa magari ya farasi yaliyoshuka vilima. Jina Ferodo limetoka katika jina lake. Kwa miaka mingi viwanda vilitia amianti ndani, kwa kuwa haiogopi moto. Baadaye ilijulikana wazi kwamba vumbi la amianti linaleta kansa ya mapafu. Ufaransa ilikataza amianti mwaka 1997, na nchi zote za Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Kwa hiyo, wenzetu munaosaidia kwenye garaje, musipulize vumbi la freni kwa kinywa. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha unawe mikono. Garnitire za zamani bado zinaweza kuwa na sumu hiyo.

3. Autocross ya Marekani ni mchezo gani?

Kaka yetu alitueleza vizuri. Wanatafuta uwanja mkubwa wa lami ao wa beto, mara mingi mahali pa kuegesha magari ao uwanja wa ndege usiotumiwa. Wanapanga vikoni vya plastiki kuonyesha njia yenye kona nyingi. Kila gari inapita peke yake, saa inahesabu. Ukiangusha kikoni, unaongezewa sekunde. Kupita mara moja kunachukua dakika moja, kupunguka ao kuzidi kidogo. Mwendo si mkubwa sana. Mara mingi ni kama ule wa barabara ya kawaida. Kisha unangoja zamu yako tena, na gari inapoa.

Chama kikubwa cha mchezo huu huko ni Sports Car Club of America, kilichoanzishwa mwaka 1944. Mashindano yake ya taifa lote ya mchezo huu, wanaouita Solo, yalianza mwaka 1973. Katika daraja la magari ya kawaida sheria zake zinaruhusu kubadilisha plakete, hata kama piesi nyingine nyingi haziruhusiwi kuguswa. Ndiyo sababu watu wanabishana sana juu ya plakete: ni kitu kimojawapo cha bei ndogo unachoweza kubadilisha.

4. Hesabu kidogo

Tuchukue daftari la fizika. Nguvu ya mwendo ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Maana yake, ukizidisha mwendo mara mbili, moto wa freni unazidi mara nne. Wadogo zetu wa mwaka wa tatu wakumbuke hilo siku ya mtihani, na hata siku ya safari.

Tuseme motokari ya kaka yetu ina kilo 1200. Tuseme katika kupita mara moja anakanyaga freni mara nane, kila mara kutoka kilometa 70 kwa saa mpaka 40. Kila freni inatoa karibu kilojuli 153. Mara nane ni karibu kilojuli 1220.

Sasa tuchukue gari ile ile, tuishushe mlima wenye urefu wa mita 500 kutoka juu mpaka chini, kwa mwendo usiobadilika. Hapo kilo 1200 mara 9,81 mara 500 ni karibu kilojuli 5890. Ni karibu mara tano ya autocross! Na kamioneti iliyojaa, ya kilo 2500, inatoa karibu kilojuli 12 260, yaani mara kumi. Kweli upepo na motere vinachukua sehemu, lakini kama shofere ameweka vitesi ya juu, sehemu kubwa inabaki kwa freni.

Tulipomaliza hesabu hii, darasa likanyamaza. Kumbe mchezo wa Marekani hauchoshi freni kama njia yetu ya nyumbani! Na hapo ndipo jibu la kaka yetu linaanza.

5. Aina za plakete

Plakete si jiwe moja. Ni mchanganyiko wa unga na nyuzi za vitu vingi, vilivyoshikwa na gundi na kupikwa kwa moto. Tutaje aina nne.

a) Plakete laini, zisizo na chuma kingi. Hizi zina nyuzi za vitu mbalimbali na gundi. Hazipigi kelele, hazili diski, zinashika vizuri asubuhi gari ikiwa baridi. Ubaya wake: hazivumilii moto mwingi, na zinaisha upesi.

b) Plakete zenye chuma ndani. Zina nyuzi na unga wa chuma. Zinashika kwa nguvu na zinavumilia moto zaidi. Ubaya: vumbi nyeusi, kelele kidogo, na diski inaliwa haraka kuliko kwa plakete laini.

c) Plakete za seramiki. Zinanyamaza, vumbi lake ni dogo, zinadumu. Nyingi zimetengenezwa kwa mutu anayetaka raha barabarani. Kwa mashindano wengi wanaziona hazina ukali mguu unapogusa pedali.

d) Plakete za mashindano ya kweli, yale ya kuzunguka uwanja wa mbio kwa muda mrefu. Hizi zinavumilia moto wa kutisha, nyingine mpaka digri 600 na kupita. Lakini nyingi hazishiki vizuri zikiwa baridi. Zinataka kwanza zipashwe moto. Tena zinalia kama nguruwe, na diski zinaisha.

Hapa ndipo watu wanadanganyika. Wanasema: “Ya mashindano ndiyo bora, nikitia hiyo nitasimama mbio.” Si kweli. Katika autocross kona ya kwanza inakuja sekunde chache tu kisha kuondoka, plakete zingali baridi. Dakika moja imekwisha, nazo hazijapata moto zinaoutaka. Na siku ya kwanza ya juma, mtoto akivuka barabara asubuhi, plakete baridi zitakuangusha. Kitu cha bei kubwa kinaweza kuwa kitu kibaya, kama hakilingani na kazi yako.

6. Mapine ndiyo mwisho wa neno

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wengi wanalisahau. Freni inasimamisha gurudumu, lakini ni pine inayosimamisha gari. Kama freni zako za sasa zinaweza kufunga magurudumu, ao kuamsha ABS kwa gari iliyo nayo, basi plakete kali zaidi hazitapunguza urefu wa kusimama hata kidogo kwa freni moja ya baridi. Umeshafika mwisho wa nguvu ya mapine.

Basi plakete nzuri inakupa nini? Vitu viwili. Kwanza, inashika namna moja, ikiwa baridi ao ya moto, kwa hiyo mguu wako hauna mashaka. Pili, inautii mguu: ukiongeza kidogo inaongeza kidogo, ukiachilia inaachilia mara moja. Katika kona za vikoni, hicho ndicho kinachookoa sekunde.

Tena, usitie plakete kali sana mbele na kuacha za nyuma dhaifu, ao kinyume. Gari imepimwa kiwandani. Nyuma ikishika kuliko mbele, gari inaweza kugeuka na kuelekea ulikotoka. Na siku zote badilisha kushoto na kuume pamoja, la sivyo gari itavuta upande.

7. Kusoma herufi

Plakete nyingi zilizotengenezwa kwa kanuni za Marekani zina herufi mbili pembeni, kama EE, FF ao GF. Herufi ya kwanza inaonyesha namna inavyoshika katika moto wa kawaida, ya pili katika moto mkali. E ni kutoka 0,25 mpaka 0,35. F ni kutoka 0,35 mpaka 0,45. G ni kutoka 0,45 mpaka 0,55. H ni kupita hapo. Ukiona FE, ujue kwamba ikipata moto inaweza kupunguza kushika. FF inabaki katika kipimo kimoja. Herufi hizi hazisemi plakete itadumu siku ngapi, wala haitapiga kelele, lakini ni mwanzo wa kujua.

Plakete za Ulaya zina alama ya E yenye namba, pamoja na 90R. Maana yake zimepimwa, na kushika kwake hakuko mbali na zile za kiwanda kupita sehemu 15 kwa mia. Plakete isiyo na herufi, isiyo na jina, isiyo na namba yoyote, kama zile tulizoziona Ngomo, ni kama mutu anayegonga mlango usiku na kukataa kutaja jina lake.

8. Magonjwa mawili ya freni ya moto

Shofere wetu alipokanyaga, pedali ilikuwa ngumu na gari haikusimama. Huo ni ugonjwa wa plakete: gundi yake imeungua, imetoa hewa ya moto, na kushika kumeanguka. Ugonjwa wa pili ni pedali kuwa laini kama ugali wa maji na kuzama chini. Huo ni ugonjwa wa mafuta ya freni: yamechemka, na ndani yake mumeingia mvuke.

Mafuta ya freni yananywa maji kutoka hewani kila siku. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwa digri 205 kwa uchache. Yakisha kunywa maji, kipimo kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa na maji. Kwa hiyo mutu anayenunua plakete nzuri na kuacha mafuta ya zamani miaka mingi amefanya nusu ya kazi. Badilisha kila miaka miwili hivi.

9. Kuzizoeza plakete mpya

Plakete mpya hazifai kupelekwa mashindanoni wala mlimani siku ile ile. Fwata kwanza karatasi ya kiwanda. Kama haiko, tafuta barabara isiyo na watu, kimbia kilometa 60 kwa saa, kanyaga freni kwa nguvu ya kadiri mpaka 15, usisimame kabisa, kimbia tena. Fanya hivyo mara nane ao kumi. Kisha tembea polepole dakika kumi bila kukanyaga sana, freni zipoe. Namna hii plakete inaacha utando mwembamba juu ya diski, na kushika kunakuwa sawasawa. Ukisimama na mguu juu ya pedali freni zikiwa za moto, utando unabaki mahali pamoja, na baadaye gari inatetemeka. Wengi wanasema “diski imepinda,” kumbe ni utando huo.

Plakete ikibaki na milimeta 3 juu ya bati, itoe. Usingoje kusikia chuma juu ya chuma.

10. Jibu letu

Kwa kaka yetu wa Marekani tulijibu hivi: “Kaka, acha za mashindano makubwa. Chagua zenye chuma kidogo ndani, za barabara lakini za mwendo mkali, zenye FF ao GG, zinazoshika tangu baridi. Tia za jamaa moja mbele na nyuma. Weka mafuta mapya ya DOT 4, kama kitabu cha gari yako kinakubali. Pesa zitakazobaki, nunua mapine mazuri. Mukigawanya gari watu wawili siku ya mashindano, freni hazitapata nafasi ya kupoa. Basi chagua zinazovumilia moto zaidi kidogo.”

Na kwa ninyi wenzetu wa hapa, munaopanda magari kila likizo, tunasema hivi. Mlima wetu unataka plakete zinazovumilia moto, lakini plakete peke yake haitoshi. Shofere ashuke na vitesi ya chini, tangu juu, si akisha kusikia harufu. Akanyage kwa nguvu kisha aachilie, asiache mguu wake juu ya pedali njia nzima. Ukisikia harufu, ombeni asimame pahali pazuri, freni zipoe zenyewe bila maji.

Likizo inayokuja, mbele ya kupakia sanduku hata moja, kapita atamwendea shofere na kumuuliza kwa heshima maneno matatu: “Papa, plakete zilibadilishwa lini? Ziko na alama gani? Mafuta ya freni ni ya mwaka gani?” Shofere mzuri hatakasirika. Akikasirika, tutatafuta gari nyingine, hata kama tutafika nyumbani kesho yake. Tumeandika neno hili katika daftari la kapita, ili atakayetufwata mwaka ujao, sisi tukisha kumaliza, alikute pale.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita